Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: Rada ikituona, itushauri

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni rubani wa ndege ndogo za kukodi. Kazi yangu kubwa iko magharibi mwa nchi, kwenye viwanja vya changarawe, na msimu wa mvua ukianza naruka ndani ya mawingu, macho yakiwa kwenye vyombo tu. Tukishatoka kwenye anga inayoongozwa tunaingia daraja G, yaani anga isiyoongozwa. Kanuni za kimataifa zinaturuhusu kuruka humo kwa vyombo, mradi tuwe na mawasiliano ya redio, lakini hakuna anayetutenganisha. Muongoza ndege anatupa taarifa. Kukwepana ni juu yetu.

Ndani ya wingu unamkwepaje usiyemwona? Ukiwa umetulia kwenye urefu wako, angalau wanaokuja upande wa pili wamepangiwa futi tofauti. Hatari iko kwenye kupanda na kushuka. Siku moja nilimsikia rubani mwenzangu akitaja futi zile zile nilizokuwa nashukia. Tukaelewana wenyewe redioni: yeye apite, mimi nisubiri juu. Nilitua viganja vimelowa jasho.

Tarehe 19 Februari 2020, karibu na uwanja wa Mangalore, jimbo la Victoria nchini Australia, ndege mbili za injini mbili zilikuwa zikiruka kwa vyombo katika daraja G. Moja ilikuwa inapanda kutoka uwanjani, nyingine inashuka. Ziligongana, na watu wote wanne waliokuwemo wakafa. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba muongoza ndege alikuwa anaziona kwenye skrini, na alikwisha kumpa kila rubani habari za mwenzake. Taarifa waliipata. Haikutosha.

Uingereza nako kuna daraja G, tena yenye ndege nyingi. Lakini tangu 2009 rubani wa huko anaweza kuomba huduma ambayo muongoza ndege mwenye rada anampa uelekeo au urefu wa kumweka mbali na wengine. Rubani habebewi wajibu wake, na muongoza ndege akizidiwa na kazi anaruhusiwa kuikataa. Mimi naona huo ni mpango wa haki kwa pande zote mbili.

Ndugu Mkurugenzi, nchi yetu ilishafunga rada nne za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro (KIA), Mwanza na Songwe. Gharama kubwa imekwisha kulipwa. Ninachoomba ni kanuni: rubani anayeruka kwa vyombo katika daraja G, akiwa ndani ya upeo wa rada, aweze kuomba ushauri wa kukwepa, na waongoza ndege wafunzwe na walindwe kisheria wanapoutoa. Chini sana, rada isikofika, tutaendelea kutangaziana wenyewe kama tulivyozoea.

Naomba majaribio yaanzie Mwanza, kabla ya masika. Marubani wa huku tuko tayari kuja kukaa mezani na waongoza ndege, siku yoyote mtakayotupangia.

Wako mtiifu,
Rubani wa ndege za kukodi, Tabora