Kilichonilia mwembe sio ukungu

Mhariri, salamu toka Tabora. Mwembe wangu wa uani majani yamejaa vitu vyeupe kama chokaa, muuza dawa mmoja akasema ukungu, nikapulizia wiki mbili wapi! Juzi nikaazima lenzi ya dogo, nikafunua gamba moja kwa pini, kumbe chini kuna mama na mayai. Wadudu magamba hao. Kitoto kikitoka kina miguu sita kinatembea, hapo ndo pa kukiwahi, maana kikishachoma mdomo kwenye jani kinaganda, miguu inapotea, gamba linakifunika na dawa haipenyi. Gamba la duara ni jike, vile virefu vilivyorundikana ni madume, yakikomaa yanaota mbawa ila hayali kabisa (maisha gani haya). Sasa kuniuzia dawa ya ukungu bila hata kuliona jani, ndo nini?

Mkulima wa uani, Tabora