Riesling kavu au tamu? Tafuta neno "trocken"

Juzi dada mmoja alirudi dukani kwetu hapa Mainz, Ujerumani, na chupa iliyopungua vidole viwili tu. Alikuwa amewapikia wakwe zake samaki wa kupaka, akataka mvinyo mweupe mkavu wa kushushia, akachukua Riesling. Kuonja tu, wote wakaweka glasi mezani. "Kaka, mimi niliomba mkavu," akaniambia, na kweli aliomba. Nikaigeuza chupa: kwa herufi kubwa, Kabinett, chini kabisa, kwa herufi ndogo, alkoholi asilimia 8.5. Kosa lilikuwa letu, tulichanganya kavu na tamu kwenye rafu moja. Tumembadilishia, na rafu tumeipanga upya.

Kilichomponza kinawaponza wengi. Riesling ni jina la zabibu, si jina la ladha. Zabibu za shamba moja zaweza kutoa mvinyo mkavu kabisa au mtamu sana. Hamira hula sukari na kuigeuza alkoholi; ikiachwa imalize kazi, mvinyo unakuwa mkavu. Mtengenezaji akiisimamisha mapema, kwa kuupoza mvinyo na kuichuja hamira, sukari inabaki na alkoholi inakuwa ndogo.

Kabinett na Spätlese nayo si majina ya utamu. Yanaeleza zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani zilipochumwa. Ndiyo maana utakuta Kabinett trocken, yaani "kavu" kwa Kijerumani, na Kabinett tupu ambayo, hasa ikitoka bonde la mto Mosel, mara nyingi ni tamu.

Basi tafuta trocken. Kisheria sukari haizidi gramu 4 kwa lita, au hadi 9 ikiwa asidi si chini ya sukari kwa zaidi ya gramu 2. Halbtrocken ni nusu kavu. Feinherb haina kipimo cha kisheria, kwa hiyo uliza. Ukiona herufi GG, hiyo ni kavu kutoka mashamba bora, na bei yake ni ya juu. Usipoona neno lolote, soma alkoholi: asilimia 12 kwenda juu, karibu kila mara ni kavu, 8 au 9, ni tamu.

Wengine wakionja trocken mara ya kwanza wanasema inachachua. Ni kweli, Riesling ina asidi nyingi, na mimi naipendea hapo hapo. Samaki wa tui zito tunamkamulia ndimu ili mafuta ya nazi yasikinaishe. Riesling kavu inafanya kazi ile ile mdomoni. Ila kama mchuzi wako una pilipili nyingi, chukua halbtrocken. Alkoholi huchochea ule moto, na utamu kidogo unaupoza.

Kati ya kavu zenyewe pia kuna tofauti. Ya Mosel hutoka kwenye miteremko mikali ya mawe meusi bapa yanayotunza joto la jua hadi usiku. Ni nyepesi, inanukia tufaha bichi. Ya Pfalz, eneo lenye joto zaidi, imejaa mdomoni na inakumbusha pichi. Chupa ya miaka mingi inaweza kunukia kama mafuta ya taa. Usiimwage! Harufu hiyo ni ya zabibu hii inapozeeka, na wapo wanaoitafuta makusudi.

Na ni zabibu ya hapa hapa jirani. Maandishi ya kwanza yanayoitaja ni hesabu ya matumizi ya tarehe 13 Machi 1435, kutoka Rüsselsheim, mwendo mfupi tu kutoka dukani kwetu: shilingi 22 za kununulia miche ya Riesling.

Kila Jumamosi tunafungua chupa mbili za mtengenezaji mmoja, trocken na Kabinett tamu, uonje zote kabla ya kulipa. Ukija, tuambie kwanza unapika nini.