Kwa nini tunakuuliza buti kabla ya koti

Mteja anayefika dukani kwetu hapa Dodoma kukodi vifaa vya kupandia Kilimanjaro huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza koti, nasi huanza kwa kumuuliza buti. Hatuidharau baridi, kwani usiku karibu na kilele joto hushuka chini kabisa ya nyuzi 0, lakini kinachomwangusha mtu kule juu ni pale anapokanyaga.

Sisi wakazi wa Dodoma baridi tunaijua ya Juni na Julai, hivyo wengi hudhani kuwa theluji ya Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, nayo ina miezi hiyo. Theluji ya Kibo hufuata mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Desemba huanguka kama theluji huko juu, na anayepanda mwanzoni mwa Juni akiamini kuwa mvua imekwisha anaweza kuikuta njia bado nyeupe.

Theluji mpya ni laini na hupokea buti. Inayotutia wasiwasi ni ile iliyokaa. Jua la mchana huyeyusha tabaka la juu, usiku maji yale huganda, na baada ya siku kadhaa za kuyeyuka, kuganda na kukanyagwa na wapandaji, njia huwa ngumu na telezi kama kigae kilicholowa. Kwa kuwa safari ya kilele huanza karibu na usiku wa manane, mpandaji huikuta barafu hiyo ikiwa imekaza, hasa kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Anaposhuka, uso wa njia umeanza kulainika huku miguu ikiwa imechoka, na kuteleza huko ndiko tunakokuhofia zaidi.

Kwa ajili hiyo tunakodisha mikanda ya mpira yenye minyororo na meno ya chuma, ambayo huvaliwa juu ya buti na ambayo dukani tunaiita njumu za barafu. Hukaa imara kwenye buti lenye soli ngumu tu. Kwenye raba hujipinda na kuchomoka. Tafadhali njoo na buti zako pamoja na soksi nene utakazovaa, kwa sababu buti linalobana huzuia damu kufika vidoleni, na vidole visivyopata damu ndivyo huganda kwanza. Njumu hizo zikae kwenye begi lako la mgongoni. Mteja wetu mmoja alizirudisha zikiwa hazijafunguliwa: alikuwa amezifungia kwenye mzigo uliobebwa na mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, na mzigo ulibaki kambini alipokuwa akizihitaji.

Miwani ya giza ni ya lazima, kwa maana theluji hurudisha mwanga machoni kutoka chini. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwani hushika jasho. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda upande wa juu, na mdomo utabaki wazi.

Tunaomba uje wiki 2 kabla ya safari, ili upate muda wa kuzizoeza buti kwenye vilima vya mawe vya hapa kwetu. Ukirudi na kutueleza kuwa njia ilikuwa kavu na njumu hukuzitumia, fedha ya njumu tunakurudishia yote.