Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watunza Bustani

Ndugu wanachama,

Ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Hesabu zimekaguliwa na mtazipata kwa mweka hazina, na idadi ya wanachama haikubadilika sana. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu mvua, kwa kuwa hakuna jambo lililowasumbua wanachama, wapya kwa wakongwe, kama mvua isiyotabirika ya majira ya joto yaliyopita.

Majira yalianza kwa ukame wa wiki kadhaa, udongo ukakauka hadi kupasuka, kisha mvua ikashuka mchana mmoja kwa nguvu kiasi kwamba maji mengi yaliteleza juu ya matuta na kuishia njiani. Asubuhi iliyofuata nilichimba kwa mwiko katika bustani yangu, nikakuta tope la kina cha vidole viwili na chini yake udongo mkavu kabisa, unaomiminika kama unga. Udongo uliokauka kupita kiasi hukataa maji kwa muda, na mvua ya kasi haiusubiri ulainike. Baadhi yetu tuliacha kumwagilia tukiamini kuwa mimea imeshiba, na haikupita wiki ikaanza kunyauka.

Inafaa tuelewe sababu. Joto la hewa linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wa hewa hiyo kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7; kwa hiyo katika siku kavu hewa ya joto hunyonya unyevu wa udongo kwa haraka zaidi, na mvua inaponyesha huwa na maji mengi zaidi ya kumwaga kwa mkupuo mmoja.

Walioumia zaidi ni wakulima wa nyanya. Wengi walileta matunda yenye kitako cheusi kilichobonyea, na wengine walikuwa wamekwisha kupulizia dawa, jambo lililonisikitisha, kwa sababu huo si ugonjwa wa kuambukiza. Madini ya kalsiamu husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na maji yanapopatikana leo na kukosekana kesho, tunda hukosa kalsiamu hata kama udongo unayo ya kutosha. Nyanya zilizonusurika ukame zilipasuka baada ya mvua, kwani nyama ya tunda ilivimba upesi kuliko ganda lake lilivyoweza kutanuka.

Hapa sina budi kukiri kosa la kamati. Ratiba ya zamu za kumwagilia tuliipanga kwa siku za juma, nami niliidhinisha. Ilisababisha matuta yaliyolowa kumwagiwa maji tena, na yaliyokauka kusubiri zamu yake. Tangu hapo tumewaomba wenye zamu wachomeke kidole ardhini, kiasi cha sentimita 5, na kumwagilia pale tu wanapokuta pakavu, asubuhi mapema, kwenye shina na si juu ya majani, kwa sababu majani yanayokaa na maji kwa saa nyingi hukaribisha ukungu.

Pipa lililowekwa chini ya paa la banda limetufaa sana. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 20 za mraba likipata milimita 10 hutoa karibu lita 200, ukiondoa kidogo kinachopotea. Pipa moja hujaa kwa mvua moja na ziada humwagika. Tuunganishe la pili kwa bomba, na yote yafunikwe ili mbu wasizaliane humo.

Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, nayo yamethibitisha thamani yake, ila yanahitaji uangalifu ambao baadhi yetu hatukuuzingatia. Yatandazwe kwa unene wa sentimita 5 hadi 7 baada ya udongo kulowa vizuri, kwani ukitandaza juu ya ukavu unauhifadhi ukavu wenyewe, na yasigusane na shina. Kuhusu matuta ya kuinua, maoni yanatofautiana: yaliokoa mizizi isioze wakati wa mafuriko, lakini ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kukauka. Kwa maoni yangu yanafaa penye udongo wa mfinyanzi, na penye mchanga ni heri nguvu hiyo ielekezwe kwenye kuongeza mboji.

Mkutano utapigia kura mapendekezo mawili: kufuta kabisa ratiba ya siku za juma, na kununua pipa la pili pamoja na kipimamvua kitakachofungwa mahali pa wazi, mbali na miti na paa, ambacho mwenye zamu atakisoma kila asubuhi na kuandika kipimo katika daftari la chama.