Barua kwa Mwende: Magazini Kwanza

Mama,

Video uliyomtumia Kyalo nimeiona. Alinionyesha akicheka, akidhani nitacheka naye. Nimeirudia mpaka simu yake ikazima. Risasi imekwama kwenye bastola yako mpya, slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, imebaki nusu wazi, na wewe unavuta na kuachia, unavuta na kuachia, magazini, kile kikebe cha risasi, ikiwa bado ndani. Kila ukivuta, unapandisha risasi nyingine. Halafu unageuka kumuuliza anayekurekodi hii ni nini, na mtutu unageuka pamoja nawe.

Magazini kwanza, Mwende. Kabla ya kuvuta chochote, kabla ya kuuliza mtu yeyote swali, mtutu uelekee kwenye tuta la udongo la kuzuia risasi, kidole kitoke kwenye triga, magazini itoke. Ndipo uvute slaidi mara kadhaa, uifunge nyuma, uchungulie chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulia, na uingize kidole ndani. Macho hudanganyika jioni. Na zikibanana risasi mbili hata magazini ikagoma kutoka, funga slaidi nyuma kwanza kwa kile kitasa cha ubavuni, kisha ung'oe magazini kwa nguvu.

Nakusisitizia hili kwa sababu bastola za Browning tulizozizoea sisi zilikuwa na huruma kidogo: ukitoa magazini, triga haifanyi kazi. Bastola nyingi za siku hizi hazina kitu hicho. Risasi ikibaki chembani, italia hata kama magazini iko mfukoni mwako. Ndiyo maana mtu hutoa magazini, akasema silaha ni tupu, akaua jirani. Nimekaa dirishani kwa ghala la silaha miaka mingi, nikipokea bastola kutoka kwa watu walioapa kwamba ni tupu.

Sasa lile swali lako la Jumapili, kwa nini bastola mpya inakwama, ambalo nilikujibu kwa ukali kisha nikakata simu. Wewe uliuliza vizuri tu. Jibu ndilo hili.

Muuzaji amekwambia ni mpya, itazoea. Ana nusu ya ukweli. Springi mpya ni ngumu na vyuma bado havijasuguana, kwa hiyo hata risasi 200 za kwanza zinaweza kukusumbua kidogo. Lakini upya si jibu la kila kitu, na mtu anayekuuzia atapenda uamini hivyo mpaka siku za kurudisha bidhaa ziishe. Tazama inakwama vipi. Kwenye video, pua ya risasi imeinama na kugonga chini, pale kwenye mteremko wa kuingilia chembani. Hiyo mara nyingi ni magazini. Ganda tupu likibanwa wima kwenye dirisha la kutolea maganda, hapo mambo ni mengine: risasi dhaifu, au mkono legevu. Slaidi ikikosa kufunga kwa upana wa ukucha tu, fikiria uchafu, ukavu wa mafuta, au springi.

Umepewa magazini mbili. Chukua ile rangi yako ya kucha uandike 1 na 2 chini yake. Kila inapokwama, andika ni ipi na ilikuwa risasi ya ngapi. Kama ni 2 kila mara, bastola haina kosa. Zikiwa tupu, sukuma kwa kidole kile kibao cha juu kinachoinua risasi: kishuke na kupanda bila kusita. Linganisha midomo ya magazini zote mbili, kama mmoja umepanuka au una kovu utaona. Tena, magazini mpya iliyojaa pomoni huenda isikae vizuri slaidi ikiwa imerudi mbele; punguza risasi moja, uigonge kwa kiganja mpaka usikie imeshika, kisha ujaribu kuivuta.

Halafu mafuta. Yale yaliyopakwa kiwandani aghalabu ni ya kuzuia kutu kwenye sanduku. Futa yote, pitisha kitambaa kwenye mtutu, weka tone tone kwenye njia za slaidi, basi. Ndani ya magazini usiweke hata tone, linakusanya vumbi, na vumbi la Kitengela unalijua.

Kisha risasi zenyewe. Kama umekuwa ukitumia zile za kichwa chepesi, uzito wa greni 115, tafuta za 124, za pua ya mviringo, kutoka kiwanda kingine. Ila usibadilishe risasi na magazini siku moja, utarudi nyumbani hujui kilichokuponya.

La mkono nililiacha mwisho kwa sababu najua utanuna. Slaidi inahitaji kitu kigumu cha kurudi nyuma dhidi yake, na kifundo kikilegea, nguvu inaishia mkononi mwako na slaidi hairudi mpaka mwisho. Bastola nyepesi ya plastiki huonyesha hilo haraka. Si suala la nguvu, umebeba madebe kutoka mtoni kupanda kilima hiki tangu ukiwa mdogo kama Mutua. Mpe mkufunzi bastola hiyo hiyo, magazini hiyo hiyo, risasi kutoka pakiti hiyo hiyo. Ikimpitia yeye bila kukwama, basi ni mkono, na mkono unafundishika.

Binamu yako wa bodaboda asiiguse. Nimesikia amesema ataulainisha ule mteremko kwa msasa. Akiukata vibaya, risasi itakosa pa kuegemea chembani na ganda linaweza kupasuka. Na sheria inataka fundi mwenye leseni, si mtu mwenye tupa.

Ukivuta triga na isilie, shikilia hapo hapo, mtutu ukielekea kwenye tuta, hesabu mpaka 30. Ikilia kwa sauti ndogo, kama mtu amepiga mto wa kulalia, usivute tena. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu. Magazini kwanza, fungua, hakikisha chemba ni tupu, chunguza mtutu.

Na usirudishe chembani ile risasi moja kila asubuhi baada ya kuitoa usiku. Kila inapogonga mteremko, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo, na shinikizo hupanda. Isimamishe mezani kando ya mwenzake wa pakiti moja. Ikiwa fupi, itenge.

Jumatatu usiibebe bastola hiyo. Sijali umeishawaambia watu wa dukani. Iache kwenye sefu mpaka imalize magazini kadhaa mfululizo bila kukwama, kwa risasi utakazobeba. Umefungua duka la vifaa vya ujenzi kwa pesa zako, ukavamiwa, ukafungua tena wiki iliyofuata. Bodi ya leseni imekuchunguza hadi kwa chifu wetu na ukapita. Hapa sokoni sikunyamaza kuhusu hilo. Ndiyo maana ile video imenikera hivi. Magazini ndani, Mwende!

Mama yenu hajaiona. Shinikizo lake la damu limeteremka, lakini dawa zinaisha tarehe 20 na kliniki wanamtaka aende mwenyewe. Maembe ya upande wa mto yameingiwa na nzi tena, mwaka huu tutauza kidogo. Kyalo bado anadaiwa karo, asikudanganye kwamba ni ya maabara tu. Tangi la juu linavuja penye ile koki uliyonunua, fundi anataka elfu tatu na mia tano, nimemwambia angoje. Ukituma, tuma kwa simu ya mama yenu. Yangu kioo kimepasuka na sioni vizuri ninachobonyeza.

Ni mimi baba yako.