Yah: Malalamiko kuhusu hoteli yenu kumwaga maji machafu baharini

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa niaba ya kikundi chetu cha wanawake wakulima wa mwani, majirani zenu wa upande wa kusini.

Kuna bomba jeusi linalopita chini ya ukuta wenu wa kuzuia mawimbi. Maji yakijaa halionekani. Yakipwa kila mtu analiona: linatoa maji ya kijivu yenye povu la sabuni na mafuta ya kukaangia, yananuka, yanatiririka mpaka kwenye vigingi vyetu. Tulipomuuliza fundi wenu mkuu, alisema ni maji ya mvua. Mvua gani hiyo ya Julai na Agosti, kipupwe kikavu, hoteli ikiwa imejaa wageni? Masika mnapofunga, mvua ikinyesha usiku na mchana, bomba hilo huwa kavu.

Kilimo cha mwani kilianza pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wetu ndicho kilichotusomeshea watoto. Sasa kamba zetu zimevikwa majani ya kijani mithili ya nywele. Tunayabandua kwa vidole, na tukibandua, mwani wenyewe unakatika na kuchukuliwa na maji. Kinachoyanenepesha ni naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye maji ya choo na ya kufulia. Wala hayaishii kwetu. Yanatanda juu ya matumbawe na kuyanyima mwanga, matumbawe ambayo joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha, na mengine yakafa moja kwa moja. Joto la bahari hamuwezi kulizuia peke yenu. Bomba mnaweza kuliziba leo.

Lipo pia karo. Vijana waliolichimba ni wa hapa hapa kijijini, na wanasema halikusakafiwa chini. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, lina matundu tele. Kinachomwagwa humo hakikai, kinapenya kwenda baharini na kwenye visima tunavyochota.

Hatuipingi hoteli. Watoto wetu wanafanya kazi humo. Tunachotaka ni bomba lifungwe mara moja, karo lijengwe upya pamoja na mtambo wa kusafisha maji taka, na maji ya bahari yapimwe na mtaalamu asiyelipwa na ninyi, majibu yabandikwe ofisini kwa sheha. Tunaomba pia nakala ya tathmini ya athari za mazingira ya mradi wenu. Sheria ya mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inazitambua tathmini hizo, na yenu hatujawahi kuonyeshwa.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, pamoja na tarehe ya kukutana nasi, maji yakiwa yamekupwa, hapo hapo penye bomba.

Wako,
Katibu wa kikundi

Nakala:
Sheha wa shehia
Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar