Lafudhi haiingii wiki ya mwisho: ninavyofanya kazi na waigizaji nikiwa nyumbani Mombasa

Simu ninayopokea mara nyingi kuliko nyingine hutoka kwa mwongozaji aliyebakiwa na siku chache tu kabla ya onyesho. Waigizaji wameshika mistari, mavazi yameshonwa, tiketi zimeanza kuuzwa. Kisha mtu aliyekaa viti vya nyuma siku ya mazoezi akasema kwamba yule nahodha wa Lamu anazungumza kama mtu aliyezaliwa na kukulia Nairobi. Hapo ndipo ninapotafutwa mimi, mwalimu wa lafudhi. Naulizwa kama naweza kumpa nahodha huyo "lafudhi ya Pwani" kwa vipindi viwili.

Jibu langu ni hapana, na nimeona nieleze sababu hapa ili atakayenitafuta kesho anitafute kwa wakati.

Mwigizaji anaporudia mstari, kinachokariri si akili peke yake. Ulimi, midomo na pumzi navyo vinakariri. Akishazoea kusema "njoo unywe maji" huku akivuka jukwaa na kuinua kikombe, mwendo, kikombe na matamshi vimeshikana. Ukimbadilishia matamshi dakika za mwisho, vyote vitatu vinalegea: anasita katikati ya sentensi, anasahau pa kusimama, sauti inamrudi kooni. Akifaulu mazoezini, basi usiku wa onyesho, hofu ikimpanda, mdomo wake utarudi pale ulipozoea. Ndiyo maana huwaomba waongozaji waniite kabla mistari haijakaririwa, siku ile ile waigizaji wanapokaa mezani kusoma mchezo kwa mara ya kwanza. Wiki nne ni muda mzuri. Tatu zinatosha kama wahusika wanaohitaji lafudhi si wengi.

Jambo la pili ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba kubadilisha maneno si kubadilisha lafudhi. Napokea miswada ambayo mwandishi ametia "mato" badala ya "macho", "ndia" badala ya "njia", "ndaa" badala ya "njaa", na amefanya hivyo kwa usahihi kabisa, kwa kuwa ndivyo Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilivyo. Lakini mwigizaji anayasoma maneno hayo kwa mdomo ule ule aliokuja nao. Mtu wa Kibokoni, mtaa wa hapa Mombasa, akiketi ukumbini hahitaji hata sentensi mbili kujua kwamba huyu hatoki hapa. Kinachomfichua mwigizaji ni vitu ambavyo tahajia yetu haiviandiki.

Kimvita kina "t" mbili. Moja hutamkwa ulimi ukigusa meno, nyingine ulimi ukigusa ufizi, na kwenye maandishi zote ni herufi moja. Ile ya "mato" ni ya kwenye meno. Mwigizaji asiyeambiwa hilo atatumia "t" moja kwa kila neno, na kila "mato" atakayoitamka itasikika ya kuazima.

Kisha kuna mpumuo, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi kuliko mahali pengine popote. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, lakini kwa mzungumzaji wa Pwani aliyelelewa na wazee wa zamani havitamkwi sawa: yule mnyama hutoka na pumzi baada ya "p". Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini, au "taka" ya kutaka na taka za jalalani. Jaribu mwenyewe sasa hivi. Chukua kipande chembamba cha karatasi ya shashi, kishike mbele ya midomo, kisha useme paa la nyumba: karatasi isitikisike. Sema paa wa porini: karatasi ipepee. Waigizaji wengi niliofanya nao kazi kutoka bara hupeperusha karatasi mara zote mbili, au hawaipeperushi hata mara moja. Zoezi hili hufanywa kila siku kwa wiki nzima, dakika chache asubuhi na dakika chache jioni, mpaka pumzi itoke yenyewe bila kufikiriwa. Hakuna njia ya mkato niliyowahi kuiona ikifanya kazi.

Kwa nini waigizaji wetu, hata walio hodari, wanakuja na sauti moja? Shule zimetulea hivyo. Mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikasimamia vitabu vifuate mkondo huo. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu, ndicho ninachoandikia. Lakini jukwaani mhusika ana mtaa, ana mama aliyemfundisha kusema, ana bahari aliyoivua. Kumvua hayo yote ni kumfanya msomaji wa taarifa ya habari.

Upande wa pili wa jambo hili ni mtazamaji, na hapo mimi na waongozaji hukaa chini tukajadiliana. Chukua sentensi ile ile ya maji. Kwa Kimvita itakuwa "ndoo unwe maji", na kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, "ndoo unwe mai". Mbele ya watazamaji wa Mombasa sentensi hiyo inapita vizuri. Mbele ya wanafunzi wa sekondari kule Nakuru, nusu ya ukumbi itaanza kutafuta ndoo ya kuchotea maji, na kabla hawajaelewa, mstari unaofuata umeshapita. Kwa hiyo kabla ya mazoezi namuuliza mwongozaji: onyesho litachezwa wapi, na nani anakuja? Vikundi vinavyozunguka shuleni na vitabu teule vya fasihi nawashauri wasiguse maneno ya mwandishi hata kidogo, maana mwanafunzi amekuja kusikia kitabu atakachotahiniwa. Hapo tunafanyia kazi pumzi, kiimbo na mwendo wa sentensi tu. Kwa mchezo mpya unaochezwa hapa kisiwani, tunaweza kwenda mbali zaidi, tukarudisha "yuwaenda" badala ya "anaenda", tukaiacha "hino" mahali pa "hii". Huwa nachagua alama tatu au nne zinazombeba mhusika, tukazishika kwa uthabiti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwigizaji mwenye alama tatu anazozishika kila usiku huaminika kuliko mwenye kumi anazozisahau baada ya mapumziko.

Swali jingine ninaloulizwa ni kuhusu michezo iliyotafsiriwa. Julius Nyerere alitafsiri michezo miwili ya Shakespeare, *Julius Caezar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, na vikundi bado vinaichukua. Je, mfanyabiashara wa Venisi azungumze vipi? Msimamo wangu ni kwamba asijaribu lafudhi ya Kizungu hata kidogo. Wote pale wanazungumza Kiswahili, basi tofauti zao zitafutwe ndani ya Kiswahili: nani amekulia bandarini, nani amekulia ikulu, nani ni mgeni mjini. Ukishajibu hayo, lafudhi zinajichagua.

Sasa siku yangu, kwa kuwa wateja wengi hushangaa kwa nini nawapangia saa ninazowapangia.

Nyumba yangu iko Mji wa Kale, mahali ambapo madirisha yanatazamana na kila mtu anasikia redio ya mwenzake. Kwa hiyo saa ya kurekodi ni moja tu: baada ya swala ya alfajiri mpaka mnamo saa moja, kabla tuktuk na mikokoteni haijaanza. Narekodi chumbani, milango ya kabati la nguo ikiwa wazi na godoro likiwa limeegemezwa ukutani, kwa sababu nguo na godoro humeza mwangwi. Feni huzimwa. Msimu wa kaskazi, Februari na Machi, kazi hiyo ni ya jasho, lakini mngurumo wa feni hufunika kabisa ile pumzi ninayotaka mwigizaji aisikie.

Baada ya chai nasoma miswada. Natia alama kwa penseli kila mstari wa mhusika: kitone juu ya herufi yenye mpumuo, kistari chini ya "t" ya meno, mshale pale sauti inapopanda. Daftari langu mwenyewe naliandika kwa alama za kifonetiki za kimataifa, lakini mwigizaji simpi hizo ila akiziomba. Wengi zinawatisha bila sababu, na kitone cha penseli kinafanya kazi ile ile.

Vipindi vya ana kwa ana hufanyika ukumbini kwangu kati ya adhuhuri na alasiri. Mwanafunzi huja, tunakunywa maji kwanza, maji ya kawaida yasiyo baridi, kisha tunalegeza taya na ulimi kabla ya kugusa mstari wowote. Tukianza, tunaanza na kusikiliza. Nina rekodi za watu wa mtaani kwangu, wengi wao kina mama wazee, wakisimulia mambo ya kawaida: namna walivyopika harusini, jinsi mtaa ulivyokuwa. Kila mmoja aliombwa ruhusa, aliambiwa rekodi itatumikaje, na alilipwa. Anayetaka nakala ya kuondoka nayo hapati bila mwenye sauti kukubali. Kwa mazoezi ya mdomo natumia pia mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyetunga kwa Kimvita katika karne ya 19. Vina vyake humlazimisha mtu kumaliza kila silabi.

Jioni ni zamu ya walio mbali. Vikundi vingi vya Nairobi hukutana baada ya saa za kazi, nami naingia mazoezini kwao kwa simu ya video. Stima ikipotea nahamia kwenye simu ya mkononi, na kipindi kikikatika kwa upande wangu nakirudia bila malipo.

Naomba sana jambo moja kwa wanaonitumia sauti. Msitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa kazi ya matamshi. Sauti inabanwa ili iwe nyepesi kusafiri, na simu nyingi huchuja kelele kiasi kwamba ile pumzi ndogo baada ya "p", "t" na "k" inaweza kuhesabiwa kuwa kelele ikaondolewa. Nitabaki nikimsahihisha mtu kwa kosa lililofanywa na simu yake. Rekodi kwa programu ya kawaida ya kurekodi iliyomo kwenye simu, simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni na kando kidogo, si mbele moja kwa moja, halafu tuma faili lenyewe kwa barua pepe. Wanaotumia Zoom wawashe mpangilio wa sauti halisi.

Si kila lafudhi naifundisha. Kimvita ni lugha ya nyumbani kwangu, Kiamu na Kiunguja nimefanya navyo kazi kwa muda mrefu pamoja na wenyeji wake. Lakini akija mtu mwenye mhusika wa Lubumbashi, mahali watu wanasema "batu" na "batoto", na maji huwa "mayi", namtafuta mzungumzaji wa huko akae nasi kwenye kipindi, na malipo yake yanaandikwa wazi kwenye makadirio ninayokutumia. Mimi nitasaidia namna ya kujifunza na namna ya kuilinda sauti, ila sikio la mwisho ni lake.

Kuna na kazi ninazozikataa. Nikiletewa mchezo ambao mlinzi wa geti au mtumishi wa nyumbani amepewa lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke tu, na hana jambo jingine analolifanya mchezoni, siichukui. Kubadilisha "r" na "l", au kusema "zahabu" na "selasini" badala ya "dhahabu" na "thelathini", ni namna watu halisi wanavyozungumza Kiswahili, na wanaitumia kuposa, kuomboleza, kushtaki na kusali. Mhusika wa bara mwenye matamshi hayo nitamfundisha kwa uangalifu ule ule ninaompa nahodha wa Lamu, mradi mwandishi amempa maisha. Watazamaji wanaojisikia wakidhihakiwa hawarudi ukumbini, na wana haki.

Ukitaka tufanye kazi pamoja, nitumie muswada wote, si mistari ya mhusika mmoja, maana nahitaji kujua anazungumza na nani na yule wa pili anasikika vipi. Nieleze tarehe ya onyesho, mahali na watazamaji. Kila mwigizaji husika atume rekodi ya dakika mbili: moja akisoma ukurasa wowote wa muswada, moja akisimulia alivyoshinda siku yake kwa sauti yake ya kila siku, bila kuigiza. Hiyo ya pili ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa inanionyesha tunaanzia wapi. Nasikiliza bila malipo, kisha nakuandikia alama nitakazopendekeza, idadi ya vipindi na gharama. Unaweza kulipia kipindi kimoja kimoja au mchezo mzima. Vikundi vya shule na vyuo vina bei yao ya chini. Nusu hulipwa kwa M-Pesa kabla hatujaanza, nusu iliyobaki baada ya onyesho la kwanza.

Kama onyesho lako ni wiki ijayo na umesoma mpaka hapa, nipigie hata hivyo. Lafudhi mpya sitaweza kukupa, lakini naweza kusikiliza mazoezi mara moja nikakuonyesha ni maneno gani ya lahaja uyaondoe ili mwigizaji wako azungumze kwa sauti yake mwenyewe bila kujikwaa.